Siku Niliyowaonyesha Waumini Ukuta Mweusi

Kijijini kwetu sina haja ya kumsimulia mtu jambo hili, kwa sababu karibu wote walikuwapo na wanalisimulia vizuri kuliko mimi. Ninyi ambao hamkuwapo ndio nawaomba mkae, niwaambie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu aliyeliongezea chumvi (ingawa, nikiwa mkweli, halihitaji chumvi). Aibu hii niliipika mwenyewe, kuni nikachanja mwenyewe, na wa kuichochea nikawa mimi.

Mimi ni katibu wa parokia yetu, huku njia ya Kaengesa, kazi niliyoishika tangu nilipostaafu. Nina miaka sitini na tisa, nina cheti cha kidato cha nne ambacho nilikuwa nakitaja mara nyingi kuliko inavyofaa, na ni mimi niliyemshawishi Padre kwamba parokia yenye kompyuta haina sababu ya kuendelea kuandika majina kwa kalamu. Mwaka ule askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara kwa watoto mia moja na kumi na wanane kutoka vigango vyetu vitano, yale makanisa madogo ya vijijini. Kila mtoto alikuwa na jina lake, namba yake ya ubatizo, jina la mtakatifu alilolichagua na jina la msimamizi wake, na yote hayo niliyachapa mimi, kidole kimoja kimoja, kwa miezi miwili. Nilipomaliza niliwatangazia makatekista kuwa zile karatasi zao sasa hazina kazi tena. Katekista wa kigango cha juu alinitii kabisa, akawa wa kwanza kuwashia moto, wenzake wakafuata. Siwalaumu, maana ilikuwa miezi ya baridi, na anayeijua baridi ya Ufipa anajua kwamba karatasi kavu ni mali.

Flashi ya akiba nilikuwa nayo. Nilimwazima mwalimu wa kwaya, akafuta kila kitu akaweka nyimbo.

Basi, mvua za kwanza zilipoanza, zikiwa zimebaki siku chache askofu afike, radi ikapiga karibu na ofisi ya parokia na kompyuta ikafa. (Mgeni akisikia radi na Sumbawanga katika sentensi moja huanza kutabasamu na kuuliza ilitumwa na nani. Haikutumwa na mtu. Niliacha waya umechomekwa ukutani.) Nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda nayo basi hadi mjini, kwa Nassoro, ambaye duka la familia yao liko nyuma ya soko na yeye ndiye fundi wao wa vitu hivi. Aliifungua, akainusa kama mtu anusavyo mchuzi, akaniambia madabodi imeungua, yaani ule ubao mkubwa wa ndani unaoshika vitu vingine vyote, lakini diski yenye majina ni salama. Akaagiza madabodi nyingine Mbeya. Jumanne ikafika, nami nikafika.

Hapa ndipo palipokuwa na ule uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Nassoro aliniambia niiache pale, akitoka kuswali adhuhuri ataifunga, kesho yake nije niichukue ikiwa inafanya kazi. Maneno mazuri, hayana kasoro. Lakini pembeni ya kaunta walikuwa wamesimama wanaparokia wenzangu wawili waliokuja kununua betri za redio, wananitazama, nami nikausikia mdomo wangu ukisema sihitaji kuacha kitu, nitaifunga mwenyewe nyumbani.

"Kubadili ubao," nikasema, "ni sawa na kubadili mpini wa jembe."

"Jembe haliukumbuki mpini wa zamani, mzee wangu," Nassoro akasema kwa upole. "Hii inakumbuka."

Wale wawili wakacheka kidogo, si sana, ila ilitosha kuniziba masikio. Nikachukua ubao wangu na kompyuta yangu, nikaondoka.

Jumatano nilitandika shuka jeupe mezani kama daktari, nikafanya kazi tangu asubuhi mpaka jua la saa sita, nikiangalia video kwenye simu na kuisimamisha kila baada ya neno. Mwisho skrubu mbili zilibaki kwenye sahani, na mama Sabasi, mke wangu, akazitia kwenye kopo lake la vifungo bila kuniuliza kitu. Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka. Jamani, sijui niwaeleze vipi furaha ile, nilihisi kama nimemfufua Lazaro, na badala ya kusubiri walau dakika moja kama mtu mwenye akili, nikampigia Padre simu palepale.

"Padre, imewaka."

Na wakati ule ilikuwa kweli. Padre alikuwa bado ananishukuru, anasema Mungu amekupa kipaji mzee wetu, wakati kioo kilipogeuka cheusi na mistari miwili ya maneno meupe ya Kiingereza ikanijulisha kuwa kompyuta haioni diski yoyote ya kuanzia. Simu ilikuwa bado sikioni. Mahali pa kusema "Padre, subiri kidogo" palikuwa ni hapo. Mimi nikasema, "Amina."

Sasa, Padre wetu ni mtu wa haraka. Alhamisi kwenye misa ya asubuhi akatangaza kuwa kesho saa tatu wazazi na wasimamizi wa vigango vyote wafike ukumbini kuhakiki majina ya watoto wao, kwa maana ofisi ya askofu imesema mtoto ambaye jina na namba yake havimo kwenye orodha atasubiri ziara nyingine (na ziara nyingine hakuna aliyejua ni ya mwaka gani), na kwamba Katibu atayaonyesha majina yote ukutani kwa projekta ya kuazima. Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kwa kweli kilikuwa kinaniuma.

Kinachochoma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Oresta, mke wa mwanangu mkubwa Sabasi, anafundisha kompyuta shule ya sekondari upande wa Namanyere, na siku zile alikuwa kwetu kwa likizo ya uzazi na mtoto wa miezi miwili. Lakini katika ukoo wetu bado tunashika mambo ya zamani: mkwe na baba mkwe hawakai meza moja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, mkwe hapazi sauti mbele yake, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mama mkwe. Koo nyingi zimeshaacha. Dada yangu Yustina, ambaye ndiye shangazi wa nyumba na mlinzi wa haya yote, hajaacha, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naona raha. Kuheshimiwa kutamu.

Basi Jumatano ile jioni mama Sabasi alikuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Mkweo anasema huenda diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani, na huo ubao mpya unaitafuta kwa mtindo mpya. Anasema kuna mahali pa kubadilisha, ukibonyeza kitufe mara tu inapowaka."

"Kitufe gani?"

Akaenda jikoni, akarudi. "Anasema inategemea."

"Inategemea nini?"

Akaenda tena. Safari hii alikawia, akarudi na uso mwingine. "Baba Sabasi, ugali unaungua. Mimi si simu."

Nikamwambia ampe mkwe asante zangu. Ningeweza kutoka nikaenda kuangalia ulezi shambani, nikamwachia chumba kwa nusu saa, na mila isingepata hata ufa. Msidhani sikuliwazia jambo hilo. Nililiwazia vizuri tu, ila sikutaka ije isemwe kwamba mkwe ndiye alimalizia kazi ya Katibu.

Alhamisi baada ya misa nikarudi mjini, nikapita upande wa pili wa barabara huku kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi ili Nassoro asinione. Akaniona. Akaniita kutoka mlangoni, vipi mzee wangu, imefunguka? Nikamjibu kuwa inakimbia kama swala. (Hesabuni wenyewe, huo ni uongo wa pili.) Nikaendelea mpaka stendi kwa bwana mmoja anayeingiza nyimbo kwenye simu, akaniuzia flashi yenye mfumo mzima wa kompyuta, akisema hiyo inatibu kila kitu. Sikumwuliza inatibu namna gani. Mganga akikwambia dawa yake inatibu kila kitu, hapo ndipo pa kuogopa, na hilo nilikuwa nalijua tangu utoto.

Ijumaa saa tatu ukumbi ulijaa. Wengine walitoka vigango vya mbali wakiwa wametembea tangu alfajiri, viatu mkononi kwa ajili ya matope, wamama na kanga zao nzuri, wazee wakisalimiana kwa kuinama na kupiga makofi taratibu kama tufanyavyo kwetu. Kompyuta niliiweka mbele juu ya meza, kifuniko cha pembeni nimekiacha wazi (nilidhani inapendeza, watu waone kazi). Projekta ikaelekezwa ukutani. Nikabonyeza, feni ikazunguka, watu wakapiga makofi kwa feni, kisha ukuta mzima ukawa mweusi na ile mistari miwili ikatokea juu yake, kila herufi kubwa kama mtoto mchanga.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kwa heshima kama hayo ndiyo majina.

"Bado inajikusanya," nikasema.

Ikajikusanya dakika tano, ikajikusanya kumi. Nikaizima, nikaiwasha, watu wakaipigia feni makofi tena lakini machache. Katekista wa kigango cha juu, yule wa moto, akaona muda unapotea bure, akaanzisha rozari, na ukumbi wote ukaitikia, kwa hiyo nikawa nahangaika na vitufe huku watu mia mbili wanasali nyuma ya mgongo wangu, wakati mwingine mimi mwenyewe nikiitikia. Walipofika fungu la tatu Padre akasimama na chombo cha maji ya baraka, akaja moja kwa moja, mkono umeshainuka. Nikajitupa juu ya mashine kama kuku juu ya vifaranga.

"Padre, usiimwagie ndani."

Maji yakanipata mimi, kisogoni na shingoni. Watu walicheka, Padre naye akacheka, na hiyo ingekuwa nafasi nyingine nzuri ya kusimama na kusema ndugu zangu nimekwama. Nikapangusa shingo, nikachomeka ile flashi ya stendi.

Hapo mambo yakachangamka. Rangi zikatokea ukutani, watu wakasema aaa, duara likazunguka, maswali yakaanza kuja moja baada ya jingine, nami nikawa nabonyeza kubali, kubali, endelea, kwa sababu kila nilipobonyeza palitokea kitu na nilikuwa nimechoka na vitu visivyotokea. Kikaja kisanduku kimoja chenye maneno mengi na alama ya mshangao. Nilisoma nusu mstari. Kidato cha nne changu kilinitosha kuelewa neno "diski" na neno "endelea". Nikasogeza kidole.

"Baba, usibonyeze. Itafuta majina yote."

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya mwanamke, ilikuwa ya juu, na ilikuwa inaniambia mimi. Kidole changu kilibaki hewani. Ukumbi mzima ukageuka, nami nikageuka, na Oresta alikuwa amesimama pale kizingitini na mtoto mgongoni, mkono mmoja mdomoni kama anataka kuirudisha ile sauti ilikotoka. Mkwe amempazia sauti baba mkwe mbele ya parokia nzima. Nikamsikia dada yangu Yustina akivuta pumzi mstari wa pili, pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kuongea mpaka jioni.

Nikatazama ukutani, nikasoma kile kisanduku chote, neno kwa neno, safari hii polepole. Alikuwa amesema kweli. Ningebonyeza, watoto mia moja na kumi na wanane wangeondoka kwenye diski kwa kidole changu, na karatasi zilishateketea, na nyimbo za kwaya zilikuwa kwenye flashi. Nikaondoa mkono mezani kabisa, nikauweka mfukoni ili usije ukafanya jambo wenyewe.

"Nimekwama," nikasema. "Tangu Jumatano. Padre, niliposema imewaka, ilikuwa taa tu."

Padre akawageukia watu, akasema basi tumshukuru Mungu kwa taa. Lakini Yustina alikuwa ameshasimama. Akasema yeye hana ugomvi na kompyuta, ugomvi wake ni kwamba mkwe hawezi kukaa kwenye kiti alichokalia baba mkwe, wala kushika meza moja naye, na kwamba kama tunaanza kuvunja leo, kesho tutakula sahani moja. Mama Sabasi akamjibu kutoka upande wa pili (na mke wangu si mtu wa kusema hadharani) kwamba wifi yake basi aje abonyeze yeye. Yustina akakaa, akafikiri, kisha akatoa hukumu: kiti kibadilishwe, na mimi nitoke nje.

Nikatoka nje. Nilisimama chini ya dirisha la ukumbi, mgongo ukutani, manyunyu yakinipata, mbuzi wa mtu akila maganda karibu na viatu vyangu, nikisikiliza ndani. Mama Sabasi alikuwa amejiweka dirishani kunipitishia habari.

"Amechomoa flashi yako. Anauliza alikuuzia nani."

"Mwambie hayupo."

"Amebonyeza kitufe. Pametokea ukurasa wa bluu. Anasema hapa ndipo alipokuwa anakuelekeza Jumatano." Akachungulia ndani, akanigeukia tena. "Amebadilisha neno moja, baba Sabasi. Neno moja tu."

Kisha nikasikia vigelegele, na vilikuwa vingi, na nikajua majina yamepatikana. Nikafumba macho nikamshukuru Mungu kwa moyo wangu wote. Ila vigelegele vikakatika ghafla, kukawa na minong'ono, halafu kicheko, halafu sauti ya mwalimu wa kwaya ikawa inasoma kitu kwa sauti, na nilipolitambua neno la kwanza nilitamani radi irudi.

Siku ile ya radi nilikuwa naandika risala yangu ya kumsomea askofu. Nilikuwa nimeiacha wazi. Oresta alipofungua programu ya maandishi ili atafute orodha, kompyuta, ambayo kweli inakumbuka, ilianza kwa kumrudishia kile ilichokuwa nacho mkononi ilipokufa, na sasa kilikuwa ukutani, herufi kubwa, na mwalimu wa kwaya (mtu aliyefuta akiba yangu) alikuwa akiwasomea watu kwamba Parokia hii isingefika katika ulimwengu wa kisasa bila maono, uvumilivu na utaalamu wa pekee wa Katibu wake.

"Soma tena hapo pa utaalamu," nikamsikia mtu akisema, na nadhani alikuwa Padre.

Niliingia ndani mwenyewe. Ningeweza kwenda nyumbani, njia ilikuwa wazi, lakini nilihisi kwamba nikiondoka nitaondoka mazima. Watu walipokwisha kucheka walijipanga, na mstari kwa mstari wakahakiki majina ya watoto wao, Oresta akisogeza ukurasa na mimi nimesimama upande wa pili wa ukumbi nikitaja jina kwa sauti kwa wasioona vizuri. Tulikuta makosa matano, yote yangu. Hakuna mtoto aliyekosekana.

Jumamosi Yustina alidai kuku kwa mkwe, kwa kosa la kupaza sauti, kama mila inavyotaka. Nikamwambia kuku nitatoa mimi, maana aliyemfanya apaze sauti ni mimi, na pamoja na kuku nikaleta kitenge kipya, nikamwekea Oresta mikononi, moja kwa moja, mbele ya shangazi mtu. Kwetu baba mkwe akishatoa zawadi ya namna hiyo kwa mkono wake, mwiko unafunguka na mnaweza kuzungumza kama watu. Yustina alimpokea kuku, akampima uzito, akasema sawa.

Askofu alikuja Jumapili. Watoto wote mia moja na kumi na wanane walipata kipaimara, kila mmoja na kadi yenye jina lake sahihi, na ilipofika zamu ya risala nikasimama na kipande cha karatasi kidogo kuliko kiganja. Nilisoma mistari miwili: kwamba majina yote yamo, na kwamba aliyeyaokoa ni mkwe wangu Oresta, nilipokuwa karibu kuyafuta. Watu walipiga makofi kuliko nilivyopata kupigiwa maishani, na hayakuwa yangu.

Tangu siku ile nimejiwekea sharti ambalo hata Yustina halijui: kazi ikinishinda naisema siku hiyohiyo, kwa mtu anayeijua, hata kama yuko jikoni kwangu na mwiko mkononi. Si rahisi kwa mzee. Wiki iliyopita simu yangu ilikataa kufunguka, nikaigeuzageuza, nikaipuliza, nikakaribia kabisa kutafuta bisibisi. Kisha nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikabisha, nikamwambia mwanangu Oresta nimekwama. Akainuka, akafuta mikono, akaipokea. Ilikuwa imeisha chaji.